Yaliyopita Yanapokuwa Ndwele

Juu katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, kuna hospitali iitwayo Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walifungua mahali hapo mwaka 1896 pawe makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili, na kazi hiyo inaendelea hadi leo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, ambayo Watanzania wengi hulitaja jina lake kwa mzaha, ilikuja baadaye sana, mwaka 1927. Kwa maneno mengine, hospitali kongwe ya akili katika ukanda wetu ilianzia kwenye nyumba ya watoto waliotolewa mikononi mwa wauza watu. Kila ninapopita Korogwe nikaitazama ile milima, huwawaza watoto hao usiku wao wa kwanza: wamelishwa, wamefunikwa, mlango umekomewa, hakuna wa kuwagusa, na bado usingizi hauji.

Mtu yuko salama, lakini mwili wake haujaambiwa. Maradhi ninayotaka kuyachambua yako hapo.

Sisi watu wa pwani tunayo kauli ya kumliwaza aliyepatwa: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Imewavusha wengi, na sina nia ya kuidharau. Ila kuna watu ambao kwao yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, kwa sababu hayajapita. Mfikirie mvuvi wa Mwambani aliyekatwa mkono na baruti. Uvuvi wa mabomu uliisumbua pwani ya Tanga kwa miongo mingi, na mara nyingi utambi ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani aliyeuwasha. Kidonda kilifunga zamani. Lakini tairi la lori likipasuka barabara ya nane, yeye yuko chini ya meza ya mkahawa kabla hajajua kilichotokea. Usiku huweweseka. Njia ya ufukweni ameihama, ijapokuwa ndiyo njia ya mkato ya kwenda kwao. Siku ya Idi watoto wakipiga fataki, hunyanyuka akampiga mwanawe asiye na kosa, kisha hujifungia chumbani akilia. Jirani akimwambia ya kale yamepita, anaitikia kwa adabu. Lakini kichwani mwake ile baruti inalipuka leo hii.

Kiswahili kina maneno mengi ya hali hii, ila yametawanyika: kiwewe, wahka, fadhaa, jinamizi. Utabibu wa kisasa uliikusanya hali hii chini ya jina moja mwaka 1980, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipoiingiza rasmi katika mwongozo wake, baada ya miaka ya madai kutoka kwa askari waliorudi Vietnam. Hapa nitaiita maradhi ya kiwewe. Dalili zake huja kwa makundi manne. Tukio hurudi lenyewe, kwa ndoto au kwa picha za mchana. Mtu hukwepa kila kinachomkumbusha. Moyo na fikra hubadilika: ganzi, aibu, kujilaumu, kuona dunia nzima haina wema. Na mwili hukaa macho saa zote, ukistuka kwa mlango tu.

Maradhi haya hayahesabiwi kuwapo kabla mwezi mmoja haujapita tangu tukio, na sababu yake ni ya kutia moyo: watu wengi hupona wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 70 ya watu duniani hupatwa na jambo zito la kutisha maishani mwao, na kati ya hao ni asilimia 5.6 tu wanaoishia kuugua. Waliobaki hubebwa na nini? Hubebwa na watu. Nimekaa kwenye matanga mengi, Tanga mjini na Muheza, na kila mara nimeona jinsi yalivyopangwa kwa hekima. Mikeka imetandikwa, wanawake ndani, wanaume barazani, jikoni moto hauzimwi, na mfiwa haachwi peke yake hata usiku. Kila anayeingia anauliza ilikuwaje, na mfiwa anasimulia. Anasimulia mara ishirini kwa siku moja. Kufika siku ya tatu, ile habari iliyokuwa vipande imekuwa hadithi yenye mwanzo na mwisho. Kisha inafuata hitima, inafuata arobaini, na mjane ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, yaani jamii nzima inamkubalia kwamba wakati huu si wa kawaida. Wataalamu wa saikolojia waliotumia karne nzima kutafuta mambo yanayoponya kiwewe wangeyakuta mengi kwenye mkeka huo.

Tatizo ni kwamba matanga yana sharti moja: lazima pawe na maiti. Faraja yetu ya pwani imejengwa kuzunguka kaburi, na msiba usio na kaburi hauna pa kukaa. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Maiti 203 ziliopolewa. Tume ya uchunguzi baadaye ilitaja zaidi ya watu 1,300 ambao hawakuonekana tena. Kuna sala ya ghaibu, na inafariji. Lakini mke wa mtu asiyeonekana aanze eda lini? Na mtoto aliyeota baba amebisha hodi, aamshwe aambiwe nini?

Na hao angalau wana haki ya kuomboleza hadharani. Nani amewahi kukaa matanga ya binti aliyenajisiwa? Nani alimtandikia mkeka mke anayepigwa? Mvuvi wangu wa baruti hana wa kumuuliza ilikuwaje, kwa kuwa jibu lake ni kukiri kosa la jinai. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao ni wengi kuliko waathirika wa meli na mabasi yote tuliyowahi kuyalilia. Wanaishi miongoni mwetu kimyakimya, mara nyingi kwa sababu jambo lilimalizwa kifamilia: fidia ikatoka, wazee wakashikana mikono, na mtoto akaambiwa asilitaje tena. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho huja kwa sura nyingine: mimba ya utotoni, ulevi, unga, au mwanafunzi hodari anayeanza kuzimia darasani kila mwezi.

Tanga haijapungukiwa na mambo ya kutisha ya kila aina. Usiku wa Februari 3, 2023, eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe, gari lililobeba maiti na wafiwa kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro liligongana na lori. Watu wasiopungua 17 walifariki, wengi wakiwa wa ukoo mmoja. Mwishoni mwa Mei 2016, katika kitongoji cha Kibatini, kata ya Mzizima, watu 8 waliuawa kwa kuchinjwa. Hata historia ya dhana hii ya kiwewe inapita karibu na mlango wetu. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha majeshi kutoka India kuivamia Tanga wakashindwa vibaya, na miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1915, jarida la kitabibu la London likachapisha makala kuhusu askari waliopagawa kwa mizinga ya Ulaya. Wagonjwa wake walikuwa askari wa Kizungu. Wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita ile hawakuingizwa kwenye makala yoyote.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Chogo, wilayani Handeni. Karne ya 19 Wazigua wengi walisafirishwa kutoka pwani hii hadi Somalia, wengine wakikimbia njaa, wengine wakiuzwa, na uzao wao ukakaa kando ya mto Juba ukiitunza lugha ya Kizigua vizazi kwa vizazi. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, waliporwa, wakauawa, wakabakwa, na baadhi yao wakakimbilia kulekule babu zao walikotolewa. Mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Fikiria mtu anayerudi kwao baada ya zaidi ya miaka 150, anaelewana na wenyeji kwa lugha ya mama, ana shamba na karatasi za uraia, na bado kila akisikia gari usiku anawaamsha watoto wakimbie. Kurudi nyumbani hakukutosha kumrudisha.

Basi unasihi unaongeza nini? Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Kizazi changu kililijua neno ushauri nasaha kwenye mabango ya UKIMWI. Vituo vya Angaza vilipoanza mwaka 2001, mtu alikwenda akashauriwa, akapimwa, akashauriwa tena. Nasaha ni mawaidha, na mawaidha hutoka kwa ajuaye kwenda kwa asiyejua. Ndiyo maana wengi wetu tukisikia unasihi tunapata picha ya mtu mwenye miwani anayetuambia la kufanya, na mwenye kiwewe hujiuliza, kwa haki kabisa, mgeni huyo atamwambia nini ambacho shangazi yake hajamwambia. Jibu ni kwamba hatamwambia kitu. Shangazi amekwisha kumpa mawaidha ya kutosha. Kazi ya mnasihi wa kiwewe ni kumfanya mtu aweze kulisimulia lililomkuta kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa, bila kuhukumiwa, na bila kuzama ndani yake.

Kwa nini kusimulia kuponye, na wakati huohuo kukumbuka kunatesa? Kumbukumbu ya kawaida imebeba anwani: lini, wapi, nani alikuwepo, kisha ikawaje. Ubongo ukiwa katika hofu kuu, ile sehemu inayopiga king'ora hufanya kazi kupita kiasi, na ile inayoandika tarehe na mahali huzidiwa. Kinachobaki ni harufu, mlio, mwanga, mapigo ya moyo, vyote bila anwani. Siku mlio kama ule ukisikika, ubongo hautoi kumbukumbu. Unatoa tahadhari ya hatari iliyopo. Na kwa kuwa mtu hukimbia kila mara, hapati nafasi ya kugundua kwamba kengele ni ya uongo. Kukwepa ndiko kunakolisha maradhi haya. Unasihi unarudi kuandika anwani.

Njia moja iliyotumika sana Afrika Mashariki, tiba ya masimulizi, iliyobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, huanza kwa kamba. Kamba yoyote inafaa, na Tanga ya mkonge haikosi kamba. Mteja anaiweka sakafuni. Ncha moja ni siku aliyozaliwa, naye anainyoosha taratibu kuelekea leo. Palipo na jambo jema huweka ua, palipo na balaa huweka jiwe. Ua la siku aliyohitimu chuoni kwa mwalimu wake wa Qur'ani. Jiwe dogo la mwaka wa njaa. Ua la mtoto wa kwanza. Jiwe kubwa, ambalo mkono hutetemeka kuliweka, la siku ile. Haulizwi maelezo, anataja jina tu, na mnasihi anaandika. Ncha ya mwisho huachwa imekunjwa, kwa kuwa maisha hayajaisha. Mara nyingi hii ndiyo mara ya kwanza kwa mtu kuyaona maisha yake yote kwa jicho moja na kutambua kwamba jiwe lile, pamoja na ukubwa wake wote, lina mahali pake, na kwamba kamba iliendelea baada yake.

Vikao vinavyofuata huifuata kamba hatua kwa hatua. Kwenye maua wanapita kwa furaha, kwenye jiwe mwendo hupungua. Ulisikia nini? Ulinusa nini? Miguu ilikuwa imekanyaga wapi? Wakati ule mwili wako ulifanyaje, na sasa hivi, hapa tulipokaa, mwili wako unafanyaje? Swali hilo la mwisho ndiyo siri ya kazi nzima: mtu anasimama huku anatazama kule. Hofu hujaa kama bamvua, inafika kooni, kisha, usipoikimbia, hupwa. Mnasihi hodari hafungi kikao maji yakiwa yamejaa. Hukaa na mteja, hata ipite saa moja na nusu, mpaka mchanga uonekane. Asiyejua kazi huangalia saa, akamwaga mtu barabarani katikati ya mawimbi, na huyo harudi tena. Masimulizi huandikwa, husomwa kikao kijacho, husahihishwa na mwenyewe, na mwishoni hukabidhiwa kwake yakiwa na saini. Kwa mtu wa Chogo, aliyeporwa kila kitu isipokuwa habari yake, karatasi hiyo ina uzito wa hati.

Njia nyingine hushughulika na lawama, na lawama ndiyo kamba inayowafunga wengi kuliko hofu. Mama aliyenusurika melini na mwanawe akazama ameambiwa mara elfu asijilaumu, ni kudra ya Mungu. Anaitikia, kisha anajilaumu. Mnasihi aliyefundishwa hamwambii hivyo. Mazungumzo huweza kwenda hivi:

“Mama, maji yalipoingia, taa zilikuwa zinawaka?”

“La. Zilizimika.”

“Ulikuwa unauona mkono wako mwenyewe?”

“Siuoni.”

“Na yeye alikuwa upande gani?”

Kimya kirefu. “Sijui. Nilikuwa naisikia sauti tu. Sauti ilikuwa kila upande.”

Hajaambiwa hana hatia. Ameuona ushahidi kwa macho yake, na kwa mara ya kwanza ile “ningemshika mkono” inakutana na giza la usiku ule, giza ambalo hakuna mkono ungeweza kushikwa ndani yake. Machozi yanayofuata ni mengine kabisa. Ni ya msiba, si ya mshtakiwa. Hapo ndipo maombolezo yanapoanza, pengine miaka mingi baada ya matanga.

Je, haya yanafanya kazi, au ni maneno matamu ya wasomi? Ushahidi bora kuliko mwingi duniani umetoka hapa kwetu. Katika makazi ya wakimbizi wa Sudan kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwagawa wagonjwa 43 katika makundi: mwaka mmoja baada ya vikao vinne tu, waliopata tiba ya masimulizi na bado wanaugua walikuwa asilimia 29; kwa waliopewa ushauri wa kawaida au elimu ya maradhi peke yake walikuwa kama asilimia 80. Watafiti wale kisha walikwenda Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, wakawafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio na shahada ya utabibu, kuwahudumia Wanyarwanda na Wasomali wenzao. Waliopona walikuwa asilimia 70 kwa tiba ya masimulizi, asilimia 65 kwa unasihi wa kiwewe uliokuwa huru zaidi, na asilimia 37 kwa waliofuatiliwa tu. Nazipenda tarakimu hizo mbili za mwanzo kukaribiana. Zinaonyesha kwamba mbinu ni muhimu, ila zaidi yake ni kuwa na mtu aliyefundishwa, anayerudi wiki hadi wiki, asiyeogopa kusikia.

Mashariki mwa Kongo, wanawake waliobakwa walikusanywa katika vikundi vijijini, wakiongozwa na wasaidizi wa kijamii wenye elimu ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: miezi sita baadaye, waliokuwa bado na dalili za sonona au wahka mkali walikuwa asilimia 9 katika vikundi vya tiba, na asilimia 42 kwa waliopata msaada wa mtu mmojammoja bila tiba hiyo. Vita vilikuwa vinaendelea jirani. Na Moshi, mwendo wa saa chache tu kutoka Tanga, unasihi wa vikundi uliendeshwa na watu wa kawaida kwa watoto yatima: vikao 12 vya pamoja, na vichache vya faragha kwa ajili ya lile jiwe kubwa. Jaribio lenyewe lilihusisha watoto 640, nusu wa Bungoma nchini Kenya na nusu wa Moshi, na majibu yake ya mwaka 2020 yana funzo la unyenyekevu. Vikao vilipoisha, watoto walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilidumu Kenya. Upande wa Tanzania, watoto wasiopata vikao nao walikuwa wamepata nafuu ya kufanana. Mimi nasoma humo kwamba palipo na utulivu na ndugu wa kumlea mtoto, maisha yenyewe hutibu polepole, na unasihi huwahisha. Palipo na shida nzito zaidi, bila unasihi mtoto habanduki alipokwama. Wasomi wanaweza kuisoma tofauti.

Kuna mambo yanayofanywa kwa nia njema yanayodhuru. La kwanza ni kumkamua mtu simulizi siku ileile ya ajali. Zamani ilidhaniwa kikao kimoja cha kumwaga yote kingekinga maradhi. Tafiti zilipopimwa pamoja zilionyesha hakikingi, na wengine huzidishiwa. Siku za mwanzo mtu anahitaji maji, shuka, simu ya kuwaita nduguze, na mtu wa kukaa naye asiyemhoji. Akitaka kusema asikilizwe, asipotaka aachwe. La pili ni vidonge vya usingizi vya jamii ya Valium, vinavyouzwa kirahisi madukani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilionya visitolewe kwa kiwewe cha mwezi wa kwanza, maana huzima kengele bila kuzima moto, na utegemezi huja haraka. Kuna dawa za sonona zinazosaidia baadhi ya wagonjwa, na daktari wa akili ndiye wa kuzipima.

Tukubali pia kwamba mgonjwa wa Pangani haanzi kwa mnasihi. Anaanza kwa shehe au kwa mganga, na sioni sababu ya kumcheka. Ngoma ya pepo humpa mwanamke jambo ambalo nyumbani hana: kikundi kinachomzunguka, jina la anachougua, na ruhusa ya kusema kwa sauti ya pepo yale ambayo kwa sauti yake angepigwa. Nimeona wanaotoka huko wamepata nafuu. Nimeona pia waliouza mashamba, na waliofungwa minyororo kwa sababu kiwewe chao kilidhaniwa wazimu. Kwa mashehe na wachungaji, ombi langu ni moja: wasiifanye subira kuwa kufuli la mdomo. Qur'ani inamtaja Nabii Yaakub kwa subira njema, na sura hiyohiyo inasimulia macho yake yalivyopauka kwa kumlilia Yusuf. Alilia, akataja anachokililia, na bado ni mfano wa wenye kusubiri. Imamu akiyasema hayo kwenye hotuba ya Ijumaa, kisha akataja zahanati ya kwenda, atakuwa amefanya zaidi ya makongamano mengi.

Upo mpaka ambao unasihi hauwezi kuuvuka. Huwezi kuandika anwani ya jambo ambalo bado linatokea. Mke anayerudi jioni kwa mume yuleyule hana yaliyopita ya kusimulia. Kwake linalotangulia ni usalama, dawati la jinsia na watoto la polisi, fomu ya PF3, vituo vya mkono kwa mkono vilivyoanzishwa katika baadhi ya hospitali. Kwa mtoto ipo namba 116, inayopigwa bure. Na sheria yetu yenyewe inaweza kuwa ukuta. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Kiwewe kisichotibiwa ni njia mojawapo inayofikisha watu hapo, na familia inayoogopa polisi haitampeleka mtu wake hospitali ya Bombo na kueleza ukweli. Itasema amekunywa sumu ya panya kwa bahati mbaya, atasafishwa tumbo, ataruhusiwa, bila mtu yeyote kumuuliza lililomkuta. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Na sisi tukifute.

Nani atafanya kazi hii? Tukingoja madaktari wa akili watosheleze kila wilaya, wajukuu zetu watangoja pia. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga watu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanajua nani alinusurika ajali gani, na nyumba ipi taa haizimwi usiku. Nakivale na Kongo zimeonyesha kwamba watu wa aina hiyo wanaweza. Lakini kote huko palikuwa na jambo ambalo miradi yetu hupenda kulikata bajeti ikipungua: msimamizi mwenye ujuzi, anayekutana nao kila wiki, anayesikiliza walichosikia, maana anayepokea mawe ya watu mchana kutwa naye huanza kuweweseka. Toka Bombo hadi Pangani ni kama kilomita 50. Siku moja ya wiki, nauli ya mtu mmoja.

Na chumba. Zahanati nyingi nilizoingia, pa kuzungumzia ni kona nyuma ya pazia, karibu na kabati la chanjo, na nje ya pazia hilo benchi limejaa majirani. Binti wa miaka kumi na minne anakaa pale, mhudumu anamuuliza kwa upole, naye anatazama miguu ya watu inayoonekana chini ya kitambaa. Anasema tumbo linauma. Anaandikiwa panadoli.